Tupeane uzoefu: Mnaishije na mgonjwa wa kiharusi nyumbani?

Mama Swabra, Bombo
Ndugu zangu, dalili za kiharusi tunazisikia redioni. Mimi nauliza maisha baada ya kutoka hospitali. Namuuguza baba, upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki. Wodini mnajua wenyewe, jamaa ndiye anayeogesha, anayelisha na kulala kwenye mkeka. Siku ya kuruhusiwa tulipewa vidonge vya presha na tarehe ya kurudi kliniki, basi. Namna ya kumnyanyua hakuna aliyenionyesha, na mgongo wangu ndio unaolipa. Nyinyi mnafanyaje?

Wa Malaba
Pole sana dada. Mama yetu alikuwa akipaliwa kila akinywa chai. Kumbe koo nalo lilikuwa limelegea, na chakula kinachopotea njia huingia mapafuni kikaleta homa ya mapafu. Tulielekezwa hivi: aketi wima, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo aongezewe, na asilazwe mara tu baada ya kula. Uji mzito humezeka vizuri kuliko maji matupu. Matoke tunayaponda na mchuzi wa karanga.

Mzee wa Arua
Jamani, msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza! Misuli ya bega haishiki tena, bega linateguka. Mke wangu namnyanyua kwa kitenge nilichokikunja kama mkanda kiunoni mwake. Kitandani namgeuza kila saa mbili, kidonda kisianze. Shemeji zangu walisema amerogwa, twende kwa mganga. Nilikataa. Presha yake ilikuwa juu muda mrefu, na dawa aliziacha alipojisikia nafuu.

Fundi, Jinja
Mimi ndiye mgonjwa. Naandika kwa mkono wa kushoto, polepole. Mwanzoni watu walinijadili mbele yangu kana kwamba sipo, nami nilielewa kila neno. Hilo liliniuma kuliko mguu. Nilikuwa nalia bila sababu, wakadhani akili imeharibika, kumbe ni huzuni ya ugonjwa huu na ina matibabu. Binti yangu ndiye aliyenifungua. Aliuliza maswali ya ndiyo na hapana, nikamjibu kwa kumfinya kiganja. Kisha akachora kwenye karatasi kikombe, choo, blanketi, redio, nami nikawa nagusa ninachotaka. Mama Swabra, mwachie baba avae shati mwenyewe, hata ikichukua asubuhi nzima. Mkono mbovu uingie kwanza, mzima ufuate. Wakati wa kuvua, mzima utangulie.

Dada wa Kasese
Niseme la sisi wauguzaji. Nilifunga kibanda changu cha sokoni ili nimtunze mama. Kaka zangu walioko Kampala wanatuma pesa ya dawa, nashukuru kwa dhati. Lakini usingizi hautumwi kwa simu. Niliitisha kikao cha ukoo nikasema wazi kwamba nachoka, na mimi pia presha imeanza kupanda. Sasa wifi anakuja Jumamosi, nami nafungua kibanda.

Mama Swabra
Fundi, karatasi ya picha naichora leo. Mzee wa Arua, kitenge unakifunga vipi?

Mzee wa Arua
Fundo liwe mbele, mama. Simama mbele yake, mzungushie mikono, ushike kitenge kule nyuma. Kunja magoti yako, mgongo unyooke. Goti lako lizuie goti lake bovu lisikunjike. Mhesabie moja, mbili, tatu kwa sauti, mnyanyuke pamoja.