Mrejesho: Tuzo ya bango bora kwa wauguzi wa ubongo

Wakuu, niliuliza kama muuguzi wa wodini mwenye diploma tu anaweza kushindania tuzo ya bango bora la utafiti (karatasi kubwa ya ukutani inayoeleza utafiti wako) kwenye kongamano la wauguzi wa ubongo na mishipa ya fahamu. Inawezekana. Ikisiri yangu, yaani muhtasari wa utafiti, ilipita.

Mada: kwa nini zamu mbili humpa majeruhi yuleyule wa bodaboda alama tofauti za Glasgow, kile kipimo cha kiwango cha fahamu cha mwaka 1974 kinachoanzia 3 hadi 15. Majaji hawakugusa takwimu kabisa. Walikazania alama ya kuongea kwa mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia kooni. (Swali zuri. Badala ya namba tunaandika T, yaani "tube", ule mpira.)

Tuzo ilikwenda kwa dada aliyefundisha ndugu kumgeuza mgonjwa wa kiharusi. Alistahili.

Aliyenishauri nianze na kibali cha maadili ya utafiti, asante sana: barua ile ndiyo waliyoidai kwanza.