Mhusika wa gemu anakuwa nembo kwa sura yake au kwa anavyochezeka?

Mtoa mada: Wakuu, ubishi huu hauishi kila zinapotajwa gemu za zamani. Wengi wanasema mhusika anakumbukwa kwa sura na hadithi yake. Mimi nasema sura hufuata. Kwanza ni namna anavyokuitikia ukibonyeza pedi.

Chukueni Mario. Alianza 1981 kwenye gemu ya Donkey Kong akiitwa Jumpman. Vidoti vya kumchorea vilikuwa vichache mno, ndiyo maana mbunifu wake, Miyamoto, akamvisha kofia ili asihangaike na nywele, akampa masharubu ili pua ionekane bila kuchora mdomo, na ovaroli ili mikono isipotelee kwenye kiwiliwili. Sura hiyo tunayoisifia ilitokana na ufinyu tu. Kilichomjenga ni Super Mario Bros. ya 1985. Kitufe ukikigusa anaruka kidogo, ukikishikilia anapaa. Akiwa mbioni ukamgeuza ghafla, anateleza kwanza. Halafu ile hatua ya kwanza kabisa: unagonga kiboksi chenye alama ya kuuliza, uyoga unatoka, unaelekea kulia, unagonga bomba, unarudi upande wako. Hata ukidhani ni adui ukataka kuukwepa, mara nyingi unakukuta, na wewe unakua. Hakuna aliyekueleza chochote, na somo limeingia.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, Lara Croft umemweka wapi? Gemu yake, Tomb Raider ya 1996, ilikuwa nzito kama lori la mchanga. Ili aruke shimo ulilazimika kumsogeza hadi ukingoni, umrudishe hatua moja nyuma, ndipo akimbie na kuruka. Lakini alitoka hadi kwenye kurasa za mbele za majarida, na 2001 akachezewa filamu. Kuna watu hawajawahi kushika pedi na wanamjua. Hiyo ni sura, tusidanganyane.

Mtoa mada: Kujulikana ni kitu kimoja, kuigwa ni kingine.

Mchangiaji wa kwanza: Basi nenda kacheze Uncharted, gemu iliyokuja baadaye, uje uniambie alimwiga nani.

Mchangiaji wa pili: Nyote mnaongelea gemu za watu wenye mashine zao sebuleni. Kwenye vibanda vya mtaani nembo alikuwa Eddy Gordo wa gemu ya mapigano ya Tekken 3. Dogo hajui hata kukinga, anamchagua Eddy, anabonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo, na wewe fundi wa kumchezesha Jin Kazama unaachia pedi mwingine akae. Kuna tuliowekeana masharti: Eddy haruhusiwi pesa ikiwa mezani. Hadithi yake nani aliijua? Wengine hatukujua hata kama ni Mbrazili. Kwa hiyo kwenye kuchezeka nipo na mtoa mada. Ila mmeruka jambo kubwa: mhusika anakuwa nembo pale mashine yake ilipofika. Waulize wa rika langu kuhusu Link wa Zelda, wengi watakuuliza ni nani huyo. Waulize CJ wa gemu ya GTA San Andreas, watakuandikia na namba za siri za kuita kifaru.

Mtoa mada: Kufika kunahesabika, sikatai. Lakini kaseti moja ya TV gemu ilikuja na gemu chungu nzima, zote zimefika nyumba moja siku moja. Contra na Mario kila mtu anazitaja. Nitajieni nyingine tano.

Mchangiaji wa pili: Ya bata, ya vifaru... ngoja kwanza.