Mjadala: Mwamuzi aliyekosea amwombe kocha radhi mwenyewe?

Mkufunzi_Kata: Wadau, kwenye ligi ya wilaya yetu mwamuzi kijana alikataa bao halali. Usiku akamtumia kocha ujumbe: "Nisamehe mwalimu, niliona vibaya." Asubuhi kocha kaupiga chapa, kaupeleka kamati kama ushahidi wa rufaa. Kijana kaondolewa kwenye orodha. Amekosea kuomba radhi?

KijitiChaKona: Amekosea. Leo unaomba radhi, kesho anakuuliza, "Jumapili unachezesha wewe?" Bao la Luis Díaz wa Liverpool lililokataliwa kimakosa pale Tottenham, Septemba 2023, walioomba radhi ni chombo cha waamuzi wa England, si yule mwamuzi wa VAR, wa kutazama video, kumpigia kocha Klopp usiku.

Benchi_la_Ufundi: Radhi ya ofisi inamsaidia nani? Liverpool walilala 2-1, matokeo yakabaki hivyo hivyo. Mimi ni kocha wa mchangani miaka 11, nataka mtu anitazame usoni. Tuseme ukweli, wengi wanaopuliza filimbi ni walioshindwa kucheza, ndiyo maana ujasiri huo hawana.

FilimbiYaMama: Walioshindwa kucheza? Kaka, nimecheza beki wa kati miaka tisa mpaka goti liliponiharibikia. Nachezesha kwa posho inayoishia kwenye nauli. Mara ya mwisho kukutana na kocha baada ya mechi, nilikuwa nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo, watu wake wanapiga mlango mateke, mimi nimeshika kiatu kimoja mkononi. Radhi ningeiombea wapi?

Benchi_la_Ufundi: Dada, sijakutaja wewe.

FilimbiYaMama: Umesema wengi. Mimi nimo.

DamuYaJangwani: Mnabishania posho, na lile shuti la Aziz Ki kwa Yanga yetu je? Aprili 2024, Pretoria, mpira umegonga mwamba ukadunda chini, VAR ipo, bao hatupewi. Sundowns wakatutoa kwa penalti 3-2. Nani alimwomba kocha wetu Gamondi radhi?

Msimbazi_Asilia: Mpaka leo? Mpira haukuvuka mstari wote.

DamuYaJangwani: Ulivuka! Nimeisimamisha ile video mara ishirini. Na Motsepe, rais wa CAF, shirikisho la soka Afrika, ndiye aliyekuwa mmiliki wa Sundowns, hilo nalo halivuki?

Msimbazi_Asilia: Motsepe hakushika kibendera. Lete ushahidi au acha.

KijitiChaKona: Wa uso kwa uso, mkumbukeni Mourinho, wakati ule kocha wa Roma. Budapest 2023, alimsubiri mwamuzi Anthony Taylor kwenye maegesho, UEFA wakamfungia mechi sita.

Msimbazi_Asilia: Nne.

KijitiChaKona: Nne, sawa. Kesho yake mashabiki wa Roma wakamzonga Taylor uwanja wa ndege, yuko na familia yake. Ndiyo maana nasema pawe na ukuta.

FilimbiYaMama: Usichanganye. Mourinho alifuata ugomvi, yule kijana alifuata amani. Mimi nasema aandike kwenye ripoti, na kamati ndiyo imwambie kocha. Lakini kumfuta kwa sababu amesema kweli? Mwenzake atakayekosea wiki ijayo ataapa kwamba aliona vizuri.

Mkufunzi_Kata: Ana miaka 22. Jana nilimkuta uwanjani anafundisha watoto, filimbi hana. Anatumia mdomo.

Benchi_la_Ufundi: Hapo mwenzangu kakosa utu. Mimi ningeufuta ule ujumbe.

FilimbiYaMama: Hata kama rufaa inakupa pointi tatu?

Benchi_la_Ufundi: Mkufunzi, ilikuwa mechi ya kupanda daraja?

Mkufunzi_Kata: Ndiyo.

Benchi_la_Ufundi: Basi sijui, dada. Kweli sijui.