Naomba ushauri: usukani wa Land Cruiser ya Rhino Charge

Wanachama wenzangu, ninaandaa Land Cruiser HZJ75 kwa ajili ya Rhino Charge, mashindano ya magari ya Kenya ambayo, kama mjuavyo, humpa dereva muda wa saa 10 kuvifikia vituo 13 kwa mwendo mfupi iwezekanavyo, na hivyo hutulazimu kukata makorongo badala ya kuyazunguka.

Tangu nilipofunga matairi ya inchi 37 na difuloki ya mbele (kifaa kinachoyafunga magurudumu mawili ya mbele yazunguke pamoja), usukani hugoma kabisa gari likibanwa kati ya mawe, na katika majaribio ya mwisho fremu ilipata ufa pale boksi la stelingi (lenye gia zinazopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu) linapofungwa. Nimeshaichomelea na kuiongezea bamba.

Sasa nasita kati ya kulibakiza boksi na kuongeza silinda ya haidroliki (inayoendeshwa na oili yenye shinikizo) ya kusaidia kusukuma fimbo ya stelingi, au kuliondoa na kutumia haidroliki tupu, ambapo hakuna chuma kinachounganisha usukani na magurudumu. Naelemea njia ya kwanza, kwa kuwa gari hili hurudi Nairobi kwa barabara, na pampu ya oili ya stelingi ikifa mteremkoni, boksi litaniwezesha angalau kugeuza magurudumu kwa nguvu za mikono.

Kinachonitatiza zaidi ni pampu. Nguvu kubwa huhitajika injini ikiwa katika sailensa (ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta), wakati ambapo pampu husukuma oili kidogo. Je, ile ya asili ya injini ya 1HZ itatosha, na silinda iwe na kipenyo gani? Aliyewahi kufunga kipozea oili anieleze pia alikiweka wapi ili kisizibwe na matope.