Aya yangu imefutwa Wikipedia mara mbili. Mtaalamu anachangia nini pale?

MwalimuChumbageni

Assalaam alaykum wakuu, habari za jioni.

Nafundisha saikolojia kwenye chuo kimoja hapa Tanga, huu ni mwaka wa kumi na nne. Tangu Ramadhani nimekuwa nikiandika Wikipedia ya Kiswahili, usiku nikishamaliza kusahihisha. Msukumo niliupata zamani. Mwaka 2011 Mahzarin Banaji, akiwa rais wa Association for Psychological Science ya Marekani, aliwaita wanasaikolojia waende Wikipedia wakarekebishe makala za fani yao, maana huko ndiko watu wanakosoma. Niliposoma wito ule nilijiambia deni letu ni kubwa kuliko lao. Mwanafunzi wangu anahangaika na Kiingereza kwanza, nadharia baadaye.

Nikaanza na kumbukumbu ya shahidi. Nikaeleza jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer la 1974. Wanafunzi 45 walioneshwa filamu za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani. Kilichobadilishwa kwenye swali ni kitenzi tu. Walioulizwa "yalipobamizana" walikadiria takriban maili 41 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", karibu 32. Filamu ni zile zile.

Hapo mkono ukaendelea. Nikaandika aya kuhusu Kiswahili chetu. Askari akimuuliza shahidi, "Gari lilimgonga mwenye pikipiki likiwa na mwendo gani?", tayari kuna mkosaji ndani ya swali. Akiuliza, "Gari na pikipiki viligongana vikiwa na mwendo gani?", mkosaji hayupo. Silabi moja, -na, imegawa lawama pande mbili. Nikasema basi kwa Kiswahili athari ile huenda isiwe ya mwendo peke yake, ikawa pia ya nani alaumiwe. Nalifundisha jambo hili kila mwaka, na waliokuwa wanasinzia huinua vichwa.

Asubuhi nikakuta aya haipo. Kwenye historia ya ukurasa mhariri ameandika: haina chanzo, ni utafiti wa mwandishi. Nikairudisha, ikatolewa tena. Nikajitambulisha kuwa ni mhadhiri, nikajibiwa kwa adabu kwamba hilo halibadilishi kitu.

Wakuu, imeniuma. Yale mengine yote angeweza kuyaandika yeyote mwenye kitabu mkononi. Aya ile ndiyo iliyokuwa yangu. Sasa mtaalamu anaingia pale kufanya nini? Mnaojua kule naomba mniambie wazi.

mhariri_wa_usiku

Wa alaykumu salaam Mwalimu. Nahariri pale kwa miaka kadhaa, ingawa si mimi niliyekufutia.

Umelisema mwenyewe: ilikuwa yako. Ndiyo sababu imetoka. Kamusi elezo hubeba yaliyokwisha kuchapishwa na kupimwa na watu wengine. Hoja yako imenikamata hata mimi, lakini aliyeifuta hana pa kuipimia. Na kesho akija mtu na hoja ya hovyo, akasema naye ni mhadhiri, tutamkatalia kwa lipi? Cheti hakionekani kwenye skrini.

Vyeo havijawahi kutosha pale. Mwaka 2009 daktari mmoja wa Kanada, James Heilman, aliweka kwenye Wikipedia ya Kiingereza picha zote 10 za madoa ya wino za Hermann Rorschach, zile ambazo mgonjwa huoneshwa akaulizwa anaona nini. Wanasaikolojia wengi walipinga sana, wakisema mgonjwa akishaziona nyumbani kipimo kinaharibika. Hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini Rorschach alichapisha kazi yake 1921, akafariki 1922, haki za picha zilikuwa zimekwisha, na picha zikabaki. Iliamuliwa kwa mjadala mrefu, si kwa kuhesabu shahada.

Usiirudishe tena aya hiyo, utaonekana unafanya vita vya kuhariri. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, uliza kama kuna mwenye chanzo. Hoja yenyewe ipeleke kwenye jarida la kitaaluma. Ikichapishwa, usikimbilie kujinukuu. Weka pendekezo palepale kwenye majadiliano, mwingine asiye na maslahi aamue.

Ila usiseme makala ile angeiandika yeyote mwenye kitabu. Nimeisoma sasa hivi. Wewe ukiitazama unaona kilichopungua, na kitabu kipi kimepitwa. Mimi naona koma.

kijana_barabara_ya_12

Shikamoo Mwalimu. Nasoma ualimu, naishi Ngamiani. Kwenye saikolojia ya elimu tulipewa Piaget, yule wa nadharia ya ukuaji wa akili ya mtoto, kwa Kiingereza, nikakariri hatua zake zote nne bila kujua ni kitu gani. Nilielewa siku niliposoma kwa Kiswahili kwenye simu, nikiwa kwenye foleni ya maji. Sikumjua aliyeandika mpaka leo. Tafadhali usiache.

MwalimuChumbageni

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili.

Mhariri, nimekubali, ingawa kwa uzito. Na umenifanya nirudi kutazama kilichopungua: nilikimbilia ya kwangu nikaliruka jaribio la pili la Loftus na Palmer, ambalo ndilo zito. Wanafunzi 150, wiki moja baada ya filamu, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Kati ya 50 waliosikia kitenzi kizito, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia "yalipogongana", 7. Wasioulizwa habari ya mwendo, 6. Kukadiria mwendo vibaya ni kitu kimoja, kuona vioo visivyokuwepo ni kingine kabisa. Nimeliandika jana usiku, na tanbihi yake.

Aya ya -na nimeihifadhi pembeni. Wakati wa likizo nitaianzia kazi.

wa_stendi

Samahani Mama, mimi si msomi, nilikuwa kondakta wa njia ya Muheza miaka tisa. Naomba niulize hilo neno "yalipobamizana". Kubamiza ni mlango. Stendi hakuna anayesema magari yamebamizana. Yakiparuzana ubavu, hayo yamegusana. Yakigongana, sawa, watu wanashuka wanatukanana. Lakini ile ya kukimbilia wote, vioo barabara nzima, tunasema yamevaana.

mhariri_wa_usiku

Hapo Mwalimu una uhuru. Kuchagua neno la kutafsiri hakuhesabiwi kuwa utafiti wako.

MwalimuChumbageni

Ahsante sana mwanangu wa stendi. Na vioo barabara nzima, umetaja wewe kabla sijakuuliza.

Nimebadilisha mahali pote. Sasa inasomeka "yalipovaana".