Hivi ubunifu unakauka au unajificha? Simu imenimaliza

penseli_laini:
Habari zenu wakuu. Kuna jambo linanisumbua muda sasa, naomba mnipe mawazo ya kweli maana nimechoka kuwaza peke yangu.

Mi nachora tangu niko mdogo, sijasomea popote, nachora tu. Zamani nikikaa mahali dakika tano mkono unaanza wenyewe, pembeni ya daftari, nyuma ya risiti, popote pale. Hii miaka ya karibuni naona imekata. Siyo kwamba muda sina, muda ninao, ila kila nikishika penseli nashika na simu, najiambia ngoja niangalie kidogo wengine wamechoraje, basi hapo ndo imeisha.

Wiki iliyopita bibi yangu alikua amekaa mbele yangu anashona kifungo cha shati. Ule mkono ukanivutia sana nikasema leo nachora huu. Nikaanza vizuri tu, nilipofika kidole gumba kikanishinda, nikachukua simu nitafute picha za vidole gumba. Kutoka hapo nikaangukia kwa jamaa mmoja anachora kwa wino, mara video ya mtu anatengeneza saa, mara sijui nini, kuja kuinua kichwa karibu saa nzima na nusu imepita, bibi ameshamaliza kushona kaondoka na shati lake na kwenye karatasi kuna mkono wa vidole vinne. Yaani mkono wenyewe ulikua pale hatua mbili kutoka nilipokaa, mi natafuta picha za mikono! Nililia jamani.

Sasa nauliza, ubunifu unaweza kukauka kabisa? Nirudi kwenye kitochi? Na nyie mnaofanya kazi za kubuni huku mmezungukwa na hivi vitu kutwa nzima, mnaishije?

fundi_maneno:
Pole sana dada. Ila usijihukumu kabla hujajua unapambana na kitu gani.

Ule ukurasa unaoshuka bila mwisho haukuwepo tangu mwanzo. Zamani ulikua ukifika chini unabonyeza kwenda ukurasa wa pili, na pale pa kubonyeza ndo palikua pa kujiuliza niendelee au niache. Mwaka 2006 mbunifu mmoja anaitwa Aza Raskin akaja na mtindo wa kuteremka bila kikomo, nia yake ilikua kumrahisishia mtumiaji, baadae akasema mwenyewe hadharani kwamba anajutia. Kwahiyo pale pa kusimama pameondolewa, na anayebuni kitu anapahitaji mno.

Maana wazo halitoki kwa kulikodolea macho. Unalihangaikia, unaliacha, halafu linakuja lenyewe saa ambayo hulitafuti. Mwanahisabati wa Ufaransa Henri Poincaré alihangaika na swali moja hadi akachoka, akasafiri na wenzake akalisahau kabisa, siku hiyo anapanda gari la abiria, mguu ndo unakanyaga ngazi, jibu likaja lote. Mwenyewe alilisimulia 1908. Mi kila nikisoma hicho kisa nawaza angekua anapanda ngazi huku anasoma meseji, lile jibu lingepitia wapi?

Na kuboreka kuna kazi yake. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Uingereza, Sandi Mann na Rebekah Cadman, walichapisha jaribio lao, waliwakalisha watu dakika 15 wananakili namba kutoka kitabu cha simu, kazi ya kuchosha kweli, halafu wakawauliza vikombe viwili vinaweza kutumika kwa mambo gani. Waliochoshwa kwanza walitoa majibu mengi kuliko ambao hawakuchoshwa. Sasa sisi hata foleni ya watu watatu hatuwezi kuboreka, mkono ushaingia mfukoni.

Mi naandika hadithi. Kitu pekee kilichonisaidia ni kutembea bila simu nusu saa kila jioni. Siku nne za mwanzo nilikua napapasa mfuko kila baada ya dakika mbili. Siku ya tano nikarudi mbio nyumbani kuandika sentensi kabla haijanitoka, na hiyo ilikua haijanitokea karibu mwaka mzima. Kwahiyo dada haukauki huo, unajificha.

gitaa_na_kompyuta:
Mkuu hapo juu nakuheshimu ila naomba nipingane kidogo, isije ikaonekana teknolojia ndo adui.

Kamera ilipotangazwa kule Paris 1839 wako wachoraji walioona riziki imeisha, nani tena atalipa achorwe sura. Lakini ona kilichofuata, uchoraji ukaachana na kushindana na kamera ukaanza kutafuta mwanga, ukungu, maji yanavyocheza. Mwaka 1874 wachoraji wa Ufaransa kina Monet, Degas na Renoir wakafanya maonyesho yao ya kwanza ya pamoja na sehemu yenyewe ilikua studio ya zamani ya mpiga picha, Nadar. Tena kabla ya hapo, 1841, Mmarekani John Rand alishasajili tyubu ya bati ya kuwekea rangi, na ile tyubu ndo iliwarahisishia watu kubeba rangi wakachorea shambani na mtoni badala ya kujifungia chumbani. Tyubu ni teknolojia vilevile.

Mi natunga muziki kwa kompyuta, bila hiyo mashine nisingekua na nyimbo hata moja maana sina uwezo wa kukodi bendi. Simu pia naipenda, melodi ikinijia naimba sekunde arobaini narekodi naweka. Ila inakua imezimwa data. Ikiwa imezimwa data ni kinasa sauti, ikiwashwa ni mlango ambao dunia nzima inaingilia ndani ya chumba changu.

Kilichokua kinaniua mimi ni kuposti mapema. Nikipata kipande cha wimbo natupia mtandaoni siku hiyohiyo, nakaa nahesabu laiki, zikija chache nakiona kibovu nakiacha. Nina folda ina vipande sitini na kitu nilivyoviacha hivo, juzi nimevisikiliza vyote na kuna vitatu nilisikia uchungu kabisa kwamba niliviua vikiwa vichanga. Sa hivi nina sheria moja, wimbo hautoki nje mpaka nimeumaliza na nimelala nao wiki mbili. Na wewe dada fikiria hilo, huo mkono wa bibi ulikua unamchorea nani?

mama_wa_mmoja:
Nimesoma nikajiona. Mi sichori wala siimbi, ila nina mtoto wa miaka tisa na hili swali naliishi kila siku.

Mwezi uliopita walipewa kazi ya kutunga hadithi. Akaandika yake ya mbwa anayeogopa mkia wake mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, makosa kibao. Halafu akaenda akaiambia akili mnemba itunge na yeye akalinganisha. Akaja kwangu amenyong'onyea, anasema mama ya mashine ina maneno mazuri, yangu niichane. Nilisimama nikakosa la kusema maana ni kweli ya mashine ilikua imenyooka.

Usiku nikatafuta kusoma zaidi nikakuta utafiti wa Anil Doshi na Oliver Hauser wa 2024. Waandishi waliopewa mawazo na hizi programu hadithi zao moja moja zilionekana bora zaidi, hasa kwa wale ambao siyo wabunifu sana, lakini ukizikusanya pamoja zinafanana kuliko za waliotunga wenyewe. Hapo ndo nikapata la kumwambia mwanangu. Nikamwambia hadithi yako ina makosa ya kurekebishika, ila huyo mbwa katoka kwako. Tukakaa tukarekebisha tahajia tu, mbwa hatukumgusa.

Mpaka leo mbwa anaendelea, amefika sura ya sita na sasa ana rafiki ambaye hana mkia kabisa. Sijamkataza mashine, anaitumia kuuliza maswali ya sayansi na inamsaidia vizuri. Kutunga ndo tumekubaliana anaanza yeye kwanza, kwa penseli.

zamu_ya_usiku:
Niongeze kwa wale ambao hatuna uchaguzi. Simu ndo kazi yangu, nahudumia wateja kwa meseji masaa kumi, nikiambiwa nizime data naona mtu hajui maisha. Ninachoweza ni dakika ishirini nikishaamka kabla sijaiwasha, nachonga vijiko vya mbao. Ni dakika ishirini tu, kijiko kimoja kinanichukua wiki tatu. Ila ndani ya hizo siku nikiulizwa naishi kwa ajili ya nini kuna kitu naweza kukionyesha kwa mkono, kabla ya hapo sikua nacho. Dada usisubiri upate maisha matulivu ndo uchore.

penseli_laini:
Nimerudi wakuu, asanteni wote, nimesoma kila neno zaidi ya mara moja. Hilo la "unamchorea nani" limenikaa sana maana nikijibu ukweli nilikua nawachorea watu ambao siwajui na kabla hata sijamaliza nilishawaza watasema nini.

Kitochi nimeghairi. Jana nilimwomba bibi akae tena, simu nikaiacha chumba kingine kabatini. Dakika kumi za mwanzo zilikua ngumu, nilikua nahisi kama kuna mtu ananiita. Baadae nikazama. Na nimeona vitu ambavyo hata ningetafuta picha elfu nisingeviona, kidole chake cha shahada kimepinda kuelekea cha kati, na akitaka kutunga uzi kwenye sindano anaulowesha kwa ulimi kisha anausokota mara mbili, kila mara ni mbili, sijawahi kugundua na nimekaa naye maisha yangu yote. Kidole gumba bado kimenishinda kidogo, kimetoka kinene. Ila viko vitano.

Nimemwonyesha, akauangalia ule mchoro muda mrefu halafu akaanza kunihadithia nani alimfundisha kushona. Anasema kesho ana shati lingine limetoka vifungo viwili.