Majirani Wema: Ramani za Treni

Mama Neema: Jamani hamjambo. Ndo natoka kwenye mkutano wa reli ya vitongoji. Nimepiga picha ramani zote mbili, nazituma. Fomu za maoni zinapokelewa mpaka Ijumaa saa kumi jioni, baada ya hapo hawapokei tena.

*[Picha]*
*[Picha]*

Kassim: Asante mama. Ya pili ina kidole 😂

Mama Neema: Kidole changu hicho, kinawaonyesha kituo! Njia ya kijani inafuata reli ya zamani ya mizigo, nyuma ya shule. Nyekundu ni mpya kabisa, inakata mtaa katikati mpaka kwenye tangi la maji.

Baba Tumaini: Nyekundu. Mimi sina maneno mengi. Kituo mlangoni.

Mzee Rajabu: Mlangoni kwako, mwanangu. Kwangu kinapita sebuleni.

Mzee Rajabu: Wapimaji walikuja wiki iliyopita nikiwa sipo. Wamechomeka kigingi kwenye maua ya mama yenu. Kimepakwa rangi juu, kimeandikwa namba 47. Hakuna aliyebisha hodi.

Baba Tumaini: Shikamoo mzee. Sikujua, nisamehe.

Mzee Rajabu: Marahaba. Hujakosea. Hata mimi ningekuwa upande huo ningetaka kituo mlangoni.

Mwalimu Halima: Pole sana mzee. Kigingi bado si uamuzi lakini, huwa wanapima njia zote ndipo wachague. Hiyo fomu tuijaze kwa akili.

Baba Tumaini: Fomu ni geresha, Mwalimu. Hawa wameshaamua. Sisi tunaitwa tusaini daftari la mahudhurio, tupigwe picha tumenyoosha mikono, basi.

Kassim: Kaka, mara nyingine ni hivyo kweli. Ila si mara zote. Ile reli ya London, Crossrail, muswada wake ulipofika bungeni 2005 Woolwich haikuwa na kituo. Treni ingepita chini ya miguu yao bila kusimama. Wakazi, halmashauri na mbunge wao wakalipeleka suala kwenye kamati ya bunge iliyokuwa inasikiliza malalamiko, kamati ikasema hawa wana hoja. Sheria ikapita 2008 kituo kikiwemo. Leo kipo.

Baba Tumaini: Treni ilianza lini?

Kassim: 2022 😬

Baba Tumaini: Miaka 17! Tumaini atakuwa ameshaoa.

Mama Neema: Na huyo mkwe wako atapanda nini kwenda kazini?

Dada Zubeda: Samahani nachelewa kujibu, niko zamu. Swali langu moja tu. Treni ya kwanza inapita saa ngapi? Mimi naingia wodini saa kumi na mbili asubuhi. Kituo kiwe mlangoni au nyuma ya shule, kama treni ya kwanza ni saa moja basi kwangu ni pambo.

Mama Neema: Ramani hazina saa, dada. Hata mkutanoni hakuna aliyeuliza, watu wote tulikuwa tunagombania mistari.

Kassim: Dada Zubeda kauliza swali kubwa kuliko yote humu. Hebu zoom picha ya kijani. Reli ni moja, na sehemu ya treni kupishana ni moja tu, kule mbali. Kutoka pale mpaka mwisho wa njia treni inatumia dakika 15. Ikishaingia, nyingine haiwezi kuja mpaka hiyo iende na kurudi. Kwa hiyo hata wakinunua mabehewa ya dhahabu, hapa kwetu ni treni moja kila nusu saa. Ukiikosa, kaa chini.

Baba Tumaini: Si unaona? Nyekundu.

Kassim: Au kijani yenye sehemu ya pili ya kupishana karibu na shule, treni zije kila robo saa. Nafasi ipo, hifadhi ya reli pale ni pana, tulikuwa tunachezea mpira.

Mwalimu Halima: Hapo kwenye shule ngoja kidogo. Siku hizi treni ya mizigo inapita mara mbili kwa siku na watoto wanaijua kama wanavyojua kengele. Wanavuka juu ya mataruma, kuna kanjia kamechimbika kabisa pale. Ikianza kupita kila nusu saa, kwenda na kurudi, hizo ni nne kwa saa. Kassim anataka kila robo saa. Hesabu mwenyewe.

Kassim: 8 kwa saa. Kwa wastani geti litakuwa linafungwa kila baada ya dakika saba na nusu.

Mwalimu Halima: Sasa mtoto wa darasa la pili aliyechelewa, geti limefungwa, kengele ya shule anaisikia. Atainama apite chini ya geti. Nawajua, nawafundisha.

Baba Tumaini: Wajenge daraja la juu.

Mwalimu Halima: La ngazi 40 kupanda na 40 kushuka? Watalipita chini wote, na wewe baba utalipita chini. Na mdogo wake Zubeda na kiti chake cha magurudumu atapita wapi? Mimi nataka njia ya chini ya reli, pana, yenye taa, ishuke taratibu bila ngazi.

Dada Zubeda: Mwalimu Mungu akubariki ❤️

Kaka Fadhili: Nimesoma zote. Kwani wasiipitishe chini ya ardhi? Mzee anabaki na nyumba, sisi tunapata kituo, yameisha.

Kassim: Berkeley kule California walitaka hivyo hivyo. Mpango ulikuwa sehemu ya reli ya BART ipite juu kwenye nguzo ndani ya mji wao. Wakakataa. Mwaka 1966 wakapiga kura wajitoze kodi wenyewe kulipia tofauti, ikapita chini. Kaka Fadhili, tukuandike wa kwanza kuchanga?

Kaka Fadhili: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Neema: 😂😂😂 nimeuona kabla hujafuta

Baba Tumaini: Basi tukatae zote mbili. Wakachore upya.

Mwalimu Halima: Inawezekana. Zürich, Uswisi, walipigia kura mpango wa treni za chini 1973, wakaukataa. Waliporudishiwa mwingine 1981 wakakubali, na 1990 treni zikaanza. Ila angalia huo wa pili ulivyokuwa: walichukua reli ambazo tayari zilikuwepo, wakaziunganisha kwa handaki jipya katikati ya mji. Kwa hiyo ukikataa leo, huenda kesho ukaletewa kijani hii hii.

Kassim: Na waliokataa wakaishia hapo pia wapo. Marin, jirani na hao Berkeley, walijitoa BART 1962. Mpaka leo haijafika kwao.

Baba Tumaini: Nyie mmepanga kunizunguka. Haya, tatizo langu na kijani ni moja: mbali. Mama yangu hawezi.

Mama Neema: Umbali nimeupima! Nilisahau kuwaambia. Kwenye ramani kila kituo kimechorewa duara, wanasema ni mita 800, mwendo wa dakika kumi. Tangi la maji limo ndani ya duara la kijani. Nikasema haya, nitembee nione. Nimetoka kwenye tangi na saa mkononi, mwendo wangu wa kawaida, nimetumia dakika 19.

Kassim: Dakika 19 ni kama kilomita moja na nusu.

Mama Neema: Ndiyo, kwa sababu duara linaruka korongo, mimi siruki. Nimefika ukingoni, kituo nakiona ng'ambo, ningerusha jiwe lingefika. Lakini kivuko kiko kule chini kwenye zahanati, unashuka mpaka huko halafu unapandisha tena. Aliyechora duara alitumia bikari, hakutumia miguu.

Baba Tumaini: Kwa hiyo ukiweka daraja la miguu hapo korongoni?

Mama Neema: Dakika tisa au kumi. Mama yako tumwekee kumi na tano, na benchi njiani.

Baba Tumaini: Si waongeze tu kituo cha pili upande wetu?

Kassim: Kila kituo kinakula dakika moja na nusu hadi mbili: treni ipunguze mwendo, milango ifunguke, watu washuke, ikimbie tena. Kila mtaa ukidai chake, waliopanda mwanzo wa njia wanarudi kwenye basi. Daraja moja la miguu linatutosha. Na mlango wa kituo uwe pande zote mbili za reli. Wakiweka mmoja tu upande wa shule, ukitoka darajani unaanza tena kuzunguka jukwaa zima.

Mzee Rajabu: Nimekuwa nasoma tu. Naomba nisitumike kama sababu. Kama nyekundu ndiyo yenye manufaa kwa wengi, mseme. Ila nifuatwe, nipewe tathmini ya haki, na nilipwe kabla sijavunjiwa, si baada.

Baba Tumaini: Mzee, nyekundu nimeiacha. Nilitaka kituo, na daraja likijengwa nimekipata. Ila hilo la fidia liandikwe hata kama wakichagua kijani, maana kuna nyumba tatu zimeegemea hifadhi ya reli kule mwisho.

Mama Neema: Sehemu ya maoni kwenye fomu ni mistari minne tu. Naandika hivi, nirekebisheni:

"Tunachagua njia ya kijani kwa masharti haya. Daraja la miguu kwenye korongo, kati ya tangi la maji na kituo. Njia ya chini ya reli nyuma ya shule, isiyo na ngazi, kabla treni ya kwanza haijapita. Sehemu ya pili ya kupishana karibu na shule ili treni zisiwe za nusu saa. Milango ya kituo pande zote mbili. Treni ya kwanza imfikishe mtu kazini saa kumi na mbili asubuhi. Wenye nyumba zitakazoguswa walipwe kabla ya kuvunjiwa."

Kassim: Hiyo ni mistari tisa mama 😅 Ambatanisha karatasi, inaruhusiwa. Na weka zile dakika 19, na mahali ulipoanzia. Mtu akiandika tu "tunapinga" au "tunaunga mkono" anahesabiwa, anawekwa kwenye fungu. Ukiandika dakika na mahali, lazima mtu aende na saa yake akuhakikishie kwamba umekosea.

Dada Zubeda: Na kila mtu ajaze yake, msisaini moja watu 40. Mimi ya kwangu nitaandika zamu tu. Wodini tuko wengi, nitawapa fomu.

Mwalimu Halima: Mimi kesho asubuhi nakaa pale kwenye kanjia na daftari, nihesabu watoto wanaovuka kuanzia saa moja kasorobo hadi saa mbili. Nani ananisaidia upande wa pili?

Kaka Fadhili: Mimi, Mwalimu. Nifidie ule ujumbe niliofuta.

Mama Neema: Fomu ziko kwangu, njooni wakati wowote kabla ya Alhamisi usiku. Ijumaa saa nne nazipeleka mwenyewe na nitadai mhuri kwenye nakala.

Mzee Rajabu: Mama yenu anauliza, akimwagilia maua, namba ya kigingi inafutika?

Kassim: Haifutiki babu, ile ni rangi ya mafuta.

Mzee Rajabu: Haya. Anamwagilia.